Nakala ya Jana

Nyanya yangu ana mkebe wa biskuti ambao haujawahi kuwa na biskuti tangu nizaliwe. Anauweka chini ya kitanda, nyumbani kwake Voi. Ndani mna risiti, kadi za kliniki za watoto ambao sasa wana watoto wao, barua mbili tatu, na daftari la marehemu babu. Ni daftari la kawaida la shule, kurasa 96, lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Babu alikuwa mfanyakazi wa reli. Humo hakuandika hesabu za duka wala kumbukumbu za maisha yake. Alinakili matangazo.

Yaani hivi: kila tangazo lililobandikwa kwenye ubao wa ofisi, likiwa linahusu ploti, kodi, mkutano au mipaka, babu alisimama mbele yake na kalamu akalinakili neno kwa neno. Juu aliandika tarehe na mahali. Chini aliandika, "Nimesoma mwenyewe." Baada ya siku kadhaa alirudi. Kama tangazo lilikuwa vilevile, aliweka alama ya vema. Kama limebadilika, alilinakili upya kwenye ukurasa uliofuata, kisha akapiga mstari mwekundu chini ya neno lililobadilika.

Nilipoliona daftari hilo mara ya kwanza nilicheka. Nilidhani mzee alikuwa na muda mwingi wa kupoteza. Siku hizi sicheki, na sababu ni tarehe moja tu.

Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni. Karo ilikuwa haijakamilika, kwa hivyo nilitakiwa kujaza fomu ya kuahirisha masomo kabla ya tarehe iliyotangazwa kwenye tovuti ya chuo. Nilisoma tarehe hiyo kwa macho yangu: 28. Nikapanga safari, nikakopa nauli, nikafika tarehe 25 nikiwa na amani. Karani akageuza skrini yake kidogo na kuniambia, "Soma mwenyewe." Imeandikwa 21. Nikamwambia ilikuwa 28. Akaniuliza, "Una ushahidi?" Sikuwa nao. Sikupiga picha ya skrini, sikuchapisha, sikunakili popote. Nilikuwa na kumbukumbu, na kumbukumbu haina muhuri.

Chuo sikitaji, na sisemi kwamba hiyo ndiyo sababu pekee ya mimi kutomaliza. Muhula ulipita, pesa zikaenda kwa karo ya mdogo wangu, mwaka ukaisha, basi. Leo naandika makala za kulipwa kwa neno, natafsiri, nawaandikia watu barua za kuomba kazi. Lakini ile "soma mwenyewe" ilikaa kichwani kwa sababu ilifanana sana na maneno ya babu, "nimesoma mwenyewe." Tofauti ni kwamba babu aliposoma, aliondoka na kitu mkononi.

Makala hii ni historia ya kile kitu. Nitaianzia relini, maana kwetu kila kitu huanzia relini.

*

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Kufikia 1898 wajenzi walikuwa wameshapita Voi, wako mtoni Tsavo, ambako simba wawili waliwawinda vibarua kwa miezi kadhaa hadi wakaingia kwenye vitabu na filamu. Mtalii yeyote anayeshuka Voi anaijua hadithi ya simba. Hadithi ya karatasi haimo kwenye fulana zinazouzwa.

Karatasi yenyewe ni hii. Mwaka 1897 Waingereza walichukua sheria ya India ya mwaka 1894 ya kutwaa ardhi, wakaileta huku, na kwa nguvu yake wakatwaa ukanda wa maili moja kila upande wa reli. Maili moja kulia, maili moja kushoto, kuanzia pwani kwenda bara. Hebu fikiria: sheria iliyotungwa ng'ambo ya bahari, kwa lugha ambayo hakuna aliyeisema hapa, kuhusu ardhi ya watu ambao hawakuambiwa kwamba kuna kitu cha kusoma. Simba walikula watu wakauawa mwaka huohuo. Ile sheria iliendelea kula.

Mwaka 1899 serikali ya kikoloni ilianza kutoa gazeti lake rasmi, ambalo baadaye likawa Gazeti Rasmi la Serikali ya Kenya. Mpaka leo linatoka, kwa kawaida kila Ijumaa. Humo ndimo zinamotangazwa sheria, uteuzi, ardhi inayotwaliwa, hati zilizopotea, mirathi. Nchini Kenya tunasema jambo "limechapishwa kwenye gazeti rasmi" na kila mtu anajua kwamba mchezo umeisha. Kuna watu waliowahi kulala wakiwa na shamba na kuamka wakiwa wavamizi, na kati ya kulala na kuamka kulikuwa na aya moja humo.

Watu wa Taita wanalijua hili vizuri. Mwaka 1939 walianzisha Taita Hills Association, Woresha Mengo akiwa mmoja wa viongozi wake, kudai ardhi ya vilimani iliyokuwa imeingia mikononi mwa walowezi. Mwaka uliofuata, vita vya dunia vikiwa vimepamba moto, serikali ilikipiga marufuku chama hicho pamoja na Kikuyu Central Association na Ukamba Members Association, na viongozi wakawekwa kizuizini. Vita vilipokwisha ikaja Tsavo. Mwaka 1948 mbuga hiyo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, na watu waliokuwa wakichunga, wakiwinda na kupita humo wakajikuta upande usiofaa wa mstari. Leo serikali ya kaunti ya Taita Taveta husema kwamba asilimia 62 hivi ya eneo la kaunti liko ndani ya Tsavo. Ukitaka kujua kwa nini vijana wa hapa hugombana na wazazi wao kuhusu robo ekari, anza na hesabu hiyo.

Sasa, nisieleweke vibaya. Siwasifu wakoloni. Lakini karatasi yao ilikuwa na udhaifu mmoja ambao ulikuwa faida kwetu: ikishachapishwa, imechapishwa. Kila tangazo lina namba. Kila toleo lina tarehe. Serikali ikikosea jina au namba ya ploti Ijumaa hii, haiwezi kuingia kwenye nakala elfu zilizokwisha kusambazwa na kulifuta kosa. Lazima Ijumaa nyingine ichapishe sahihisho, iseme wazi kwamba katika tangazo namba fulani la mwaka fulani, badala ya hivi, soma vile. Kosa linabaki. Sahihisho linabaki. Na mtu akizihifadhi karatasi zote mbili, anaweza kusimama mbele ya hakimu miaka hamsini baadaye na kusema: tazama, mlisema hivi kwanza.

Ubao wa ofisi haukuwa hivyo. Karatasi ya ubao hung'olewa usiku na kubandikwa nyingine asubuhi, hamna namba wala sahihisho. Nadhani ndiyo maana babu hakunakili Gazeti Rasmi. Alinakili ubao.

*

Voi ina mfano mwingine ambao naupenda kwa sababu hauishii kwa kilio. Kuna mtaa hapa unaoitwa Tanzania-Bondeni. Ulikua bila mpango, watu wakijenga kwenye ardhi ambayo sehemu ilikuwa ya shirika la reli, sehemu ya shamba la mkonge na sehemu ya serikali. Katika miaka ya 1990 wizara ya serikali za mitaa, baraza la mji na shirika la Ujerumani la GTZ walikaa na wakazi kutafuta njia ya kuurasimisha. Wakazi wakachagua kitu ambacho hakikuwa kimewahi kufanywa Kenya: ardhi imilikiwe kwa pamoja na jumuiya yao, kila mtu awe na nyumba yake juu yake, na ploti isiuzwe kwa tajiri wa nje mara tu karatasi inapokauka.

Mipango kama hiyo husimama juu ya kitu kimoja kinyonge sana, nacho ni orodha. Nani anaishi hapa? Nyumba hii ni ya nani? Aliyesafiri siku ya kuhesabiwa ataandikwa au hataandikwa? Katika mtaa wowote wa aina hiyo, ukiwauliza wazee ni nini kilichowakosesha usingizi, hawatakutajia matingatinga. Watakutajia orodha. Tingatinga unalisikia likija. Mstari ukitoka kwenye orodha, hausikii chochote.

Sisi hatukuishi mtaa huo, lakini babu alikuwa na desturi hiyohiyo. Nyanya ananisimulia kwamba orodha ikitoka, babu alikuja nayo nyumbani kwenye daftari, akakaa na ile ya zamani, naye nyanya akakaa na ile mpya. Babu anasoma kwa sauti, jina kwa jina, nyanya anafuata kwa kidole. Kidole kikikwama, wanasimama. "Hapo ndipo palipobadilika," nyanya anasema. "Hatukuwa na haja ya kuelewa mambo yote. Tulikuwa tunatafuta mahali kidole kinapokwama tu."

*

Aliponiambia hivyo nilikaa kimya kidogo, kwa sababu nilikuwa nimesoma jambo hilohilo mahali pengine kabisa.

Katika miaka ya 1970, kwenye maabara za Bell huko Marekani, mwanahisabati Douglas McIlroy alitaka kompyuta imwoneshe tofauti kati ya matoleo mawili ya maandishi. Ukifikiria juujuu ni rahisi: linganisha mstari wa kwanza na wa kwanza, wa pili na wa pili. Lakini ukiingiza mstari mmoja mpya juu, yote ya chini inasogea, na mashine itakwambia kwamba kila kitu kimebadilika. Yeye na James Hunt walitumia njia nyingine: kwanza tafuta mistari mingi iwezekanavyo ambayo ipo katika maandishi yote mawili kwa mpangilio uleule. Hiyo iweke kando. Kinachobaki, huku na kule, ndicho kilichobadilika. Programu hiyo inaitwa diff. Ilitoka mwaka 1974, na maelezo yake yakaandikwa mwaka 1976. Mpaka leo imo ndani ya karibu kila kompyuta ya Linux duniani.

Kwa hivyo wakati McIlroy anahangaika na mistari yake, kule Voi kulikuwa na mfanyakazi wa reli na mkewe wanafanya kazi ileile kwa sauti na kidole. Sisemi babu alivumbua kitu. Nasema tatizo lilikuwa moja.

Intaneti ilipokuja, tatizo likakua. Tovuti ni ubao wa ofisi ulioenea dunia nzima: mwenye ubao anaweza kuchomoa karatasi saa nane usiku na asubuhi kila mtu akaamini ilikuwa hivyo tangu zamani. Wenye akili waliliona mapema. Mwaka 1996 Fred Douglis na Thomas Ball wa AT&T walieleza mfumo wao wa kufuatilia kurasa za mtandao, kuhifadhi matoleo yake na kuonesha tofauti. Mwaka huohuo Brewster Kahle alianzisha Internet Archive, ambayo tangu 2001 inamruhusu mtu yeyote kuangalia kurasa za zamani bila malipo. Ni kazi kubwa na ya heshima. Lakini haiwezi kupita kila siku kwenye kila ukurasa mdogo wa kila ofisi ndogo ya Afrika Mashariki. Niliitafuta ile tarehe yangu ya 28 humo. Haikuwemo.

Kwetu mambo yalikwenda haraka. Nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka 2009, data ikashuka bei, na katika miaka michache ubao ukahamia kwenye skrini. Katiba ya 2010, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya mwaka 2016 ikaeleza namna ya kuziomba. Ni haki nzuri, lakini ni rahisi kuidai kwa habari ya leo. Ya jana, iliyofutwa kimyakimya, utaiombaje kama huwezi hata kuonesha kwamba iliwahi kuwepo?

*

Basi nikaamua kutengeneza daftari.

Sikusomea kompyuta. Nilichokuwa nacho ni simu ya zamani yenye skrini iliyopasuka, na ukaidi. Simu ina faida moja kubwa juu ya kompyuta ya mezani: stima ikipotea, na Voi stima hupotea, yenyewe inaendelea kwa betri yake. Nikaweka humo Termux, programu ya bure inayoigeuza simu ya Android kuwa kama kompyuta ndogo ya Linux. Kisha nikaandika mistari isiyozidi arobaini. Kazi yake ni hii.

Kwanza, inaenda kuuchukua ukurasa. Hapo natumia curl, programu ambayo Daniel Stenberg wa Sweden aliitoa mwaka 1998 na bado anaitunza. Pili, inauvua ukurasa nguo: inatoa picha, rangi na mapambo yote, inabaki na maneno matupu. Tatu, inapiga hesabu juu ya maneno hayo na kutoa alama ya kidole, herufi na tarakimu 64, kwa kanuni inayoitwa SHA-256. Ikibadilika hata koma moja, alama yote inabadilika. Nne, inalinganisha alama ya leo na ya jana. Zikiwa sawa, inaandika tarehe na saa, inalala. Hiyo ndiyo alama ya vema ya babu. Zikitofautiana, inaita diff, inahifadhi nakala zote mbili zikiwa na tarehe, na simu inatoa mlio. Huo ndio mstari mwekundu. Kuna programu nyingine, cron, inayoiamsha kazi yote hii kila baada ya saa sita, mchana na usiku.

Wiki ya kwanza ilinitia wazimu. Simu ililia usiku kucha. Nikakimbia kuangalia: ukurasa mmoja ulikuwa na saa inayotembea, mwingine unahesabu wageni, wa tatu unabadilisha picha za viongozi kila ukifunguliwa. Kwa mashine, yote hayo ni mabadiliko. Ikabidi niifundishe kutazama sehemu moja tu ya ukurasa, ile yenye tangazo, na kuachana na mbwembwe za pembeni. Babu naye hakunakili rangi ya ubao.

Nikajifunza na adabu. Ukiugonga mlango wa seva ya watu kila sekunde, wewe si msomaji, wewe ni kero, na seva za ofisi zetu nyingi ni dhaifu. Tangu 1994 kuna mapatano, yaliyopendekezwa na Martijn Koster, kwamba tovuti huweka faili dogo la kusema roboti zisiingie wapi. Mimi hulisoma na kulitii. Mara nne kwa siku inatosha. Na napitia kurasa ambazo ziko wazi kwa kila mtu, zile ambazo ningeweza kuzisoma kwa macho yangu kama ningekuwa na muda wa kukaa macho.

Kuna mahali chombo kinashindwa. Ofisi nyingi hupenda kupiga picha karatasi na kuiweka mtandaoni kama faili la PDF. Hapo hakuna maneno ya kuvuliwa. Programu yangu inaweza kuniambia tu kwamba faili la leo si lile la jana. Kilichobadilika lazima nikitafute mwenyewe, nakala mbili mezani. Siku kama hizo namwita nyanya.

*

Rafiki yangu mmoja aliniuliza, "Kwani si kuna tovuti za kukufanyia hiyo kazi bure? Unajisajili, unaweka anwani za kurasa, wanakutumia barua pepe. Si rahisi?"

Ni rahisi. Lakini fikiria unampa nani kitu gani. Nionyeshe kurasa anazozifuatilia mtu kila siku, nitakwambia anaogopa nini. Huyu anaangalia orodha ya mnada: ana mkopo. Huyu anaangalia matangazo ya mahakama: ana kesi. Huyu anaangalia ukurasa wa ardhi wa eneo moja tu: sasa unajua anakoishi na anachogombania. Orodha ya unachokichungulia ni ungamo, na huwezi kujua ungamo hilo litasomwa na nani miaka kumi ijayo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha. Vizuri. Lakini sheria inakuja baada ya kuumizwa. Waliokuwa kwenye vyama vile vitatu mwaka 1940 walijifunza kwamba jina kwenye kitabu cha wanachama ni jambo la kawaida hadi asubuhi moja linapokuwa kosa.

Kwa hivyo chombo changu hakina akaunti, hakina jina langu, hakitumi barua pepe. Orodha iko ndani ya simu, simu iko kwa nyanya, na kila Jumapili nakili moja huenda kwenye flashi ambayo inakaa ndani ya mkebe wa biskuti. Sijidanganyi: seva ninazozitembelea huona kwamba kuna kifaa kimepita, na kampuni ya simu inajua bando langu linakwenda wapi. Lakini hakuna mahali pamoja, nje ya nyumba ile, ambapo hofu zetu zote zimeandikwa kwa mpangilio.

*

Mwezi wa tano wa kuendesha chombo, simu ililia saa kumi alfajiri.

Ofisi moja, nayo siitaji, ilikuwa imeweka mtandaoni orodha ya ploti za eneo letu pamoja na tarehe ya kusikiliza malalamiko. Nyanya alikuwemo. Nilishamwonesha, akaridhika, akaweka alama ya vema moyoni. Sasa diff ilikuwa inanionesha mambo mawili. Tarehe ya kikao ilikuwa imesogezwa kutoka Alhamisi hadi Jumanne ya wiki hiyohiyo. Na mstari wa jirani yetu, mama mmoja mjane ambaye hana simu ya kuingia mtandaoni, haukuwepo. Namba iliyotangulia ipo, namba inayofuata ipo. Yake imetoka, na hakuna pengo la kuonesha kwamba kulikuwa na kitu.

Labda lilikuwa kosa la kuchapa. Kweli kabisa, labda. Mimi nimeandika makala za kulipwa, najua jinsi mstari unavyopotea mtu akiwa amechoka. Lakini kosa na hila zikikaa kwenye karatasi zinafanana, na anayeumia haumii kidogo kwa sababu mwenzake alikosea kwa bahati mbaya.

Asubuhi nilikwenda mjini kuchapisha. Kurasa nne, shilingi kumi kila moja. Juu ya kila ukurasa nikaandika kwa kalamu tarehe na saa ambayo nakala ilichukuliwa. Nyanya alisisitiza niongeze maneno mawili chini. Nikayaongeza.

Jumanne tulikuwa pale watatu. Ofisa alituangalia kama watu waliokosea siku. Akasema orodha iliyo mtandaoni ndiyo orodha. Mama hakusema neno. Nyanya akafungua mkoba, akaweka karatasi mbili mezani kando kwa kando, akaweka kidole juu ya moja na kidole cha mkono wa pili juu ya nyingine. "Mwanangu," akamwambia ofisa, "hebu soma, mimi nafuata."

Na ofisa akasoma. Sijui ni heshima au uchovu, lakini alisoma, namba kwa namba, hadi kidole cha nyanya kikakwama.

Hakuomba msamaha na hakuna aliyefukuzwa kazi. Alichofanya ni kuchukua nakala zetu, kuandika maelezo ya mama kwenye fomu, na kupiga muhuri: IMEPOKELEWA, na tarehe. Wiki tatu baadaye mstari ulirudi kwenye ukurasa, kimyakimya kama ulivyoondoka. Simu ikalia. Nikahifadhi nakala hiyo pia. Hati ya ploti yenyewe bado haijatoka, kwa hivyo chombo bado kinaamka kila saa sita.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Zamani nilidhani ni methali ya wafanyabiashara. Sasa nadhani ni ya kila mtu ambaye jina lake liko kwenye orodha inayotunzwa na mtu mwingine, yaani sisi wote. Kama una jambo moja mtandaoni ambalo maisha yako yanalitegemea, tarehe, jina, namba, usiniamini mimi wala usimwamini mwenye tovuti. Huna haja ya mistari arobaini. Leo usiku fungua ule ukurasa, uhifadhi, andika tarehe na saa, uweke mahali pako. Kesho ufungue tena.

Fomu yenye muhuri mama alitaka akae nayo mwenyewe, na ni haki yake. Lakini aliomba nakala moja ikae kwa nyanya. Imo ndani ya mkebe, juu ya daftari la babu.